Sungura wa kroshia amekugomea: dalili, chanzo na dawa

Wengi wetu tulishika sindano ya kroshia kwa mara ya kwanza kwa ajili ya vitambaa: vya makochi, vya meza, vya kufunika televisheni enzi zile televisheni ina mgongo. Mama, shangazi au mwalimu wa sayansi kimu alikaa pembeni, tukafuma uzi mweupe mwembamba mpaka kidole kikaota sugu. Ndiyo maana mtu akiona picha ya sungura mdogo wa kufumwa husema, "Hii si kroshia tu? Naiweza." Na kweli anaiweza. Lakini sungura wa kwanza hutoka na matundu, kichwa kimelala begani, sikio moja limemzidi mwenzake, na mama mwenye mkono wa miaka ishirini anabaki kumgeuzageuza akijiuliza amekosea wapi.

Hakukosea sana. Alifuma kitambaa. Uzuri wa kitambaa ni matundu yake, na sifa yake kubwa ni kulala bapa mezani. Mdoli anatakiwa azibe na avimbe. Kwa hiyo tabia nyingi njema ulizofundishwa kwenye vitambaa, kwa mdoli hugeuka kasoro. Hapa nimeyapanga matatizo kwa namna watu wanavyoyalalamikia, na kila moja nimelitafutia chanzo, maana kasoro ya mdoli ina ujanja wake: huonekana huku, kumbe ilitengenezwa kule, mizunguko kumi nyuma.

Sungura wetu wa mfano

Ili tusemezane kitu kimoja, tumchukue huyu. Uzi wa sweta wa akriliki, unene wa kati, na sindano ya milimita 3. Kazi yote ni mshono mfupi: ingiza sindano, vuta uzi, ukiwa na vitanzi viwili kwenye sindano vuta uzi tena upite vyote viwili kwa pamoja. Mizunguko haiunganishwi, inapanda yenyewe kama gamba la konokono.

Kichwa kinaanzia utosini: mishono 6, kisha 12, 18, 24, 30. Mzunguko wa 6 hadi wa 11 ni 30 bila kuongeza (kuongeza ni kufuma mishono miwili ndani ya mmoja, kupunguza ni kuifunga miwili iwe mmoja). Wa 12 punguza hadi 24, wa 13 hadi 18, ishia hapo, shingo ibaki wazi. Kiwiliwili kinaanzia makalioni: vilevile 6 hadi 30, mizunguko minne ya 30, punguza hadi 24, mizunguko mitatu ya 24, punguza hadi 18, acha mkia mrefu wa uzi wa kushonea. Masikio mawili, miguu minne, mkia. Akikamilika, kichwa chake kinakaribia ukubwa wa limau.

Wajapani, ambao ndio walioifanya kazi hii ijulikane duniani, wanaiita amigurumi: ami ni kufuma, nuigurumi ni mdoli wa kujazwa.

"Ana matundu, pamba inachungulia"

Hili ndilo lalamiko namba moja, na vyanzo vyake ni zaidi ya kimoja. Vipitie kwa mpangilio, usikimbilie kumfumua.

Kwanza tazama sindano. Karatasi inayozunguka bonge la uzi mara nyingi hupendekeza sindano ya milimita 4 au zaidi kwa uzi wa unene huu. Pendekezo hilo ni la mtu anayefuma sweta au shali, vitu vinavyotaka kulegea na kuning'inia. Kwa mdoli shuka hadi 3, na kama mkono wako ni mlegevu shuka hadi 2.5. Kipimo ni hiki: nyoosha kipande ulichofuma juu ya kiganja chako kama pamba iliyo ndani inavyokinyoosha. Ukiona ngozi yako, chukua sindano ndogo kwa namba moja. Wala usirukie upande wa pili ukachukua ile sindano ya chuma ya vitambaa, ya milimita 1.5, itaupasua uzi wa sweta katikati ya nyuzinyuzi zake na vidole vitakuuma kabla hujafika shingoni.

Kama sindano ni sahihi, uliza: ulifuma mshono gani? Hapa wamenaswa hata wazoefu. Maelekezo ya kuandikwa yana lugha mbili zinazofanana kwa sura tu. Mmarekani akiandika sc anamaanisha mshono mfupi. Mwingereza mshono huohuo anauandika dc. Lakini dc ya Mmarekani ni mshono mrefu, ule wa kuzungusha uzi kwenye sindano kabla ya kuingiza, ambao Mwingereza anauita tr. Aliyefundishwa kwa vitabu vya Kiingereza cha Uingereza akikutana na dc ya Kimarekani, au kinyume chake, anaweza kumfuma sungura mzima kwa mshono usio wake, na mshono mrefu una tundu kati ya kila nguzo na nyingine. Dawa ni kutafuta sc mahali popote kwenye maelekezo hayo. Ukiiona, mwandishi anatumia lugha ya Marekani, kwa sababu Waingereza hawana sc.

Sasa angalia matundu yako wapi. Yakiwa mwili mzima, ni sindano au mkono. Yakiwa sehemu za kupunguza tu, yaani karibu na shingo na mwisho wa miguu, shida ni namna unavyopunguza. Kwenye vitambaa tulizoea kuingiza sindano chini ya nyuzi zote mbili za kichwa cha mshono wa kwanza, zile zinazolala juu yake kama V, kuvuta uzi, kuingia mshono wa pili, kuvuta uzi, kisha kuvifunga vitanzi vitatu. Unatoka uvimbe, na pembeni yake tundu. Kwa mdoli ingiza sindano kwenye uzi wa mbele tu wa mshono wa kwanza, bila kuvuta chochote ingiza pia kwenye uzi wa mbele wa mshono unaofuata, ndipo uvute uzi upite hapo na umalize kama mshono wa kawaida. Macho hayataona palipopunguzwa. Katika ujuzi wote wa mdoli, kama ungejifunza mmoja tu leo, ningekuchagulia huu.

Matundu yakijitokeza baada ya kujaza wakati kabla ya hapo hayakuwepo, umejaza kupita kiasi. Sungura akibonyezwa anapaswa kurudi taratibu, si kugoma kama mpira uliopigwa pampu.

Kuna jambo la mwisho ambalo watu hufuma miaka bila kulijua. Ukishaingiza sindano, unauchukuaje uzi? Ukiuzungusha juu ya sindano, mishono inatoka na umbo la V. Sindano ikipita juu ya uzi na kuudaka kwa ncha tu, mishono inatoka na umbo la X, nayo hubana zaidi. Zote ni halali. Mimi nimehamia X kwa midoli. Ila usichanganye: kichwa cha V na kiwiliwili cha X havitalingana ukubwa ingawa hesabu ni moja, nawe utaanza kuitafuta kasoro ambayo haipo kwenye hesabu.

Na kama sungura amekwisha, zawadi ni kesho, na pamba nyeupe inachungulia kwenye uzi wa kahawia? Toa pamba, ingiza kipande cha soksi ndefu ya nailoni ya rangi inayokaribia uzi, kisha jaza ndani ya soksi. Hakuna atakayejua.

"Utosini pana tundu"

Pete ya kuanzia imelegea. Ulipozungusha uzi kidoleni na kufuma mishono 6 ndani yake, ukavuta mkia pete ikafunga, ulikata mkia mfupi au ukauacha ukielea ndani. Kadiri pamba inavyosukuma, mkia unarudi nyuma. Acha mkia wa sentimita 15, na kabla ya kujaza upitishe kwa sindano ya kushonea chini ya mishono ile 6 mzunguko mzima, kisha rudi nao kinyume. Uzi unaorudi kinyume haufunguki kirahisi.

Asiyeipenda pete aanze na cheni mbili, yaani vitanzi vinavyovutwa kimoja kupitia kingine, kisha afume mishono 6 kwenye cheni ya pili kutoka kwenye sindano. Kitundu kitakachobaki ni kidogo, na kwa uzi mnene hakionekani.

"Duara linafanya marinda" au "limekuwa bakuli"

Mwenye mkono wa vitambaa ataanza na mishono 12 katikati bila hata kufikiri, kwa sababu kwa mshono mrefu ndivyo inavyotakiwa. Akiifanya kwa mshono mfupi duara linajaa marinda kama sketi ya bibi harusi.

Sababu yake ni hesabu ya duara ile ya darasani. Kila mzunguko unapoongezeka, umbali kutoka katikati unaongezeka kwa kimo cha mshono mmoja, na mzingo unaongezeka kwa mara 6.28 ya kimo hicho. Mshono mfupi kimo na upana wake vinakaribiana, kwa hiyo kila mzunguko unadai takribani mishono 6 zaidi. Mshono mrefu una kimo kama mara mbili, ndipo unapodai 12. Marinda maana yake umeongeza zaidi ya inavyodaiwa. Bakuli maana yake umeongeza pungufu, au umesahau.

Lakini kwa sungura wetu bakuli si ugonjwa wakati wote. Kuanzia mzunguko wa 6 tunataka kabisa duara lipinde na kuwa bakuli, ndiyo kichwa chenyewe. Na hata mizunguko mitano ya mwanzo ikijikunja kidogo kwa mkono unaobana, acha. Pamba itainyoosha. Marinda ndiyo ya kufumua bila huruma, kwa kuwa pamba haiyaondoi. Yatabaki kama makunyanzi utosini.

"Hesabu haitimii"

Ulitarajia 30, una 29 au 31. Kabla ya kulaumu kuongeza, uliza kama unajua mzunguko unaanzia wapi. Kwenye kitambaa kila mzunguko unafungwa kwa mshono wa kuunganishia na kufunguliwa kwa cheni, mlango unaonekana. Hapa hakuna mlango. Na ukijaribu kuulazimisha, ukaunganisha na kuanza kwa cheni moja, utaishia kufuma ndani ya ule mshono wa kuunganishia ukidhani ni mshono halali: kila mzunguko mmoja zaidi, na mstari unaoonekana mgongoni kama mshono wa suruali.

Weka alama. Pini ya nepi inatosha. Mimi hutumia kipande cha uzi wa rangi nyingine, nakilaza juu ya kazi mwanzoni mwa kila mzunguko, mbele, nyuma, mbele, nyuma. Mwisho kinaonyesha mizunguko yote kama ngazi, na nikikatizwa na mgeni au jiko sihitaji kukumbuka nilikuwa wapi.

Kosa la mshono mmoja kwenye mzunguko wenye mishono 30 halionekani na mtu. Ongeza au punguza mmoja mahali patakapokuwa kisogo, endelea na maisha. Kosa la mshono mmoja kwenye mzunguko wa 3 ni habari nyingine, kwa sababu kila mzunguko unaofuata utalirithi. Fumua.

"Kichwa kina pembe sita"

Kitazame kutoka juu. Kama kinafanana na nati, nyongeza zako zimepangana moja juu ya nyingine, na kila mstari wa nyongeza umekuwa pembe. Maelekezo mengi yanaandikwa hivyo kwa sababu ni rahisi kuyasoma: wawili, ongeza, wawili, ongeza. Zisogeze katika kila mzunguko wa pili. Kwa mfano kutoka 18 kwenda 24, badala ya kuanza na mishono miwili anza na mmoja, ongeza, kisha wawili na kuongeza mara tano, na umalizie mmoja uliobaki. Jumla ni 24 ileile, pembe zimekwisha.

"Anaonekana amechakaa, sijui kwa nini"

Yawezekana amegeuzwa, ndani nje. Upande wa nje wa mshono mfupi una V au X zilizojipanga. Upande wa ndani una vijistari vya kulala, kama mabano yaliyoanguka. Kwenye kitambaa tofauti hiyo haisumbui, kwenye uso wa sungura inasumbua. Ukifuma, sindano inapaswa kuingia kutoka nje ya bakuli kwenda ndani. Kama inatoka ndani kuja nje, geuza bakuli kama unavyogeuza soksi, na uendelee. Hili linatibika wakati wowote kabla ya pamba.

Watumiao mkono wa kushoto: mizunguko yenu inakwenda upande wa pili, na hakuna kasoro yoyote hapo. Msikubali mtu awabadilishe mkono.

"Kichwa kinaanguka"

Nilimfumia mtoto wa dada yangu twiga. Shingo nyembamba ya mishono 12, mizunguko 14 kwenda juu, na kichwa kizuri chenye pembe zake. Siku ya kwanza alisimama. Siku ya tatu alikuwa ameinamia kwato zake kama anayetafuta sarafu iliyodondoka, na mtoto akaniambia, "Mama mdogo, twiga anaumwa."

Niliongeza pamba shingoni, ikawa ngumu kama kijiti, na bado akainama. Nilichokuja kuelewa ni kwamba shingo haikuwa na tatizo. Kifua ndicho kilichokuwa kitupu. Nilijaza kiwiliwili hadi karibu na ukingo nikaacha, kisha nikashona shingo juu yake. Chini ya mshono pakawa na shimo la hewa, na nguzo hata iwe ngumu vipi ikisimikwa juu ya shimo italala.

Kwa hiyo ukiona kichwa kinacheza, bonyeza mabega kwanza. Yakizama, hapo ndipo pa kujaza. Kwa sungura wetu shingo ni 18 kwa 18, yaani kichwa na kiwiliwili vinakutana kwa upana uleule, na hilo peke yake linazuia nusu ya balaa. Maelekezo yanayokutaka upunguze hadi 12 au 6 kisha ushone kichwa kikubwa juu yake yanakutafutia kesi. Unaweza kuyabadilisha: ishia 18 pande zote mbili.

Namna ya kushona nayo ina nafasi yake. Oanisha mshono kwa mshono, 18 na 18, zunguka theluthi mbili, simama. Sasa sukuma pamba zaidi kupitia uwazi uliobaki, mpaka shingo ijae kuliko unavyodhani inatosha, kwa sababu pamba itashuka. Funga. Kisha zunguka mara ya pili kwa uzi uleule. Mzunguko mmoja wa kushona hushika kwa wiki. Miwili hushika hata mtoto akimburuta kwa sikio.

Mdoli aliyekwisha fungwa, hakuna haja ya kumfungua. Kwa ncha butu ya kijiti panua taratibu nafasi kati ya mishono miwili chini ya kidevu, ingiza vipande vidogo vya pamba kimoja kimoja kuelekea mabegani, kisha rudisha mishono mahali pake kwa kidole. Inachosha, lakini inafanya kazi.

Kwa twiga na wengine wenye shingo ndefu, weka uti wa mgongo wa nguo: kipande cha khanga kuukuu kilichoviringishwa kwa kubana, kikafungwa kwa uzi, kianzie katikati ya kifua hadi ndani ya kichwa, pamba ikikizunguka. Wapo wanaoweka waya. Kwa pambo la kabatini sawa. Kwa mtoto hapana. Waya ukipindwa mara nyingi hukatika, na ncha yake hutafuta njia ya kutoka.

"Ana mabonge"

Ulichukua konzi ya pamba ukaisokomeza. Pamba inachambuliwa kwanza kwa vidole mpaka iwe kama wingu, inaingia kidogo kidogo, na inaanzia kwenye kuta, si katikati. Miguu myembamba ijazwe ukiwa bado unaifuma, kila baada ya mizunguko minne au mitano. Chombo bora nilichopata ni kijiti cha mshikaki, lakini kwa upande butu. Ile ncha kali hutoboa hadi nje.

Unajaza kwa nini nayo ni hoja. Pamba nyeupe ya poliesta ya kutengenezea mito ndiyo isiyo na maudhi: nyepesi, inarudi ikibonyezwa, inakauka upesi. Vipande vya nguo kutoka kwa fundi cherehani ni vya bure na ndiyo sababu tunavipenda, ila hutoa uso wenye makunyanzi na mdoli mzito. Vikatwe vidogo kabisa, na viwe vya kiwiliwili tu. Sufi ya mti wa msufi, ile ya magodoro ya zamani, ni laini mno na nyepesi, lakini nyuzi zake ni fupi na zinateleza, hupenya hata kwenye mishono uliyodhani imeziba. Akijazwa sufi basi ile soksi ya nailoni si hiari. Na zima feni kabla hujafungua mfuko.

Ili sungura akae bila kupinduka, wengine huweka maharage au mchele makalioni. Niliweka maharage. Baada ya miezi michache sungura alianza kutoa unga mwembamba, kisha wakatoka wadudu wenyewe. Kama unataka uzito, tumia kokoto za mviringo zilizooshwa na kukauka, zifungwe ndani ya soksi iliyoshonwa mara mbili, na awe sungura wa mtu mzima. Kwa mtoto, kata duara la plastiki laini kutoka kwenye mfuniko wa kopo, lizungushe ukingo usikwaruze, lilaze ndani chini ya makalio kabla ya pamba. Anakaa.

"Masikio hayalingani"

Hesabu mizunguko kwanza. Kama ni sawa na bado moja ni refu, sikio moja lilifumwa asubuhi na jingine usiku mbele ya tamthilia. Mkono hubana ukiwa na wasiwasi na hulegea ukichoka. Joto nalo limo: Dar mwezi wa Februari viganja vinalowa jasho, uzi wa akriliki unashika kwenye sindano, nawe unavuta zaidi bila kujua. Futa mikono kwenye khanga kila mara, na fuma masikio yote mawili kwa mkao mmoja. Miguu vilevile.

Yakilingana na bado sungura anaonekana amepinda, tatizo ni mahali yaliposhonwa. Mshono mfupi unaofumwa kwa kuzunguka haupandi wima. Kwa mfumaji wa mkono wa kulia unaegemea kulia kidogo kidogo. Ukihesabu mishono kutoka chini kutafuta mahali pa sikio au mguu utapotea. Bana viungo vyote kwa pini, mweke sungura mezani, rudi nyuma hatua mbili, mtazame. Mpige picha kwa simu ukipenda. Picha huonyesha upogo ambao jicho limeshauzoea. Ndipo ushone.

Macho, na hapa niwe mkali

Sungura akionekana mzee au mkali, macho yako juu mno na yamekaribiana. Kwenye kichwa chetu yaweke kati ya mzunguko wa 9 na wa 10, uache mishono 6 katikati. Macho ya chini na yaliyoachana humpa sura ya kitoto.

Yale macho ya plastiki yenye kishikizo cha kubana kwa nyuma yakishabanwa hayatoki, kwa hiyo yajaribu pande zote kabla ya kubana, na ubane kabla ya kujaza. Lakini mtoto akiwa chini ya miaka mitatu, usiweke jicho la plastiki, kifungo wala shanga. Hata kile kishikizo kinaweza kupita kwenye mishono mtoto akitafuna na kuvuta, na kitu cha ukubwa ule kinaziba koo. Tarizi macho kwa uzi mweusi, mizunguko michache juu ya mshono mmoja. Wanaofumia biashara wakiwa Ulaya wanalijua hili kwa njia ya sheria: mdoli wa mtoto hauzwi huko bila alama ya CE, ile ya kuonyesha kuwa bidhaa inakidhi sheria za Umoja wa Ulaya, na usalama wake hupimwa kwa viwango vya EN 71. Sisi wengine tutumie akili ileile hata pasipo mkaguzi.

"Nilimfua akaharibika"

Rangi nyekundu na za giza, hasa za uzi wa pamba, zipime kabla ya kufuma: lowesha kipande, kibane kwenye kitambaa cheupe. Kitambaa kikibadilika rangi, usiuchanganye uzi huo na mweupe. Kufua ni kwa maji ya baridi na sabuni kidogo, kukamua ndani ya taulo, kuanika kivulini penye upepo, siyo kumning'iniza kwa masikio. Mgeuze mara kwa mara. Mdoli wa vipande vya nguo hukauka nje huku ndani bado mbichi, na mwambao wenye unyevu ukungu haukawii.

Ukiamua kumfumua

Mtoe pamba, kata mishono ya kushonea tu, tafuta mwisho wa uzi na uvute taratibu. Uzi utatoka umejisokota kama nywele zilizofumuliwa mabutu. Usiufume hivyohivyo, mishono itatoka mikubwa na midogo. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu tatu au nne usichanganyike, uushike juu ya mvuke wa sufuria kwa muda mfupi bila kugusa maji wala kuukaribia moto, kwa maana akriliki ikipata joto kali hulegea na hairudi. Uache ukauke usiku mzima ukiwa umening'inia. Kesho yake uviringe bonge, ushuke sindano namba moja, uanze na 6.